Kutambua na kuchora pembetatu kwa pembe na pande zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna aina ngapi za pembetatu?

Inategemea unaangalia pembe au pande. Kwa pembe ziko tatu: pembetatu ya pembe kali (pembe zote chini ya nyuzi 90), pembetatu mraba (yenye pembe ya nyuzi 90 kamili) na pembetatu ya pembe butu (yenye pembe inayozidi nyuzi 90). Kwa pande pia ziko tatu: ya pande zote sawa, ya pande mbili sawa, na ile ambayo hakuna upande unaolingana na mwenzake.

Majina haya hayagombani. Kila pembetatu hubeba mawili kwa pamoja, moja la pembe na moja la pande. Mtu angetegemea tatu mara tatu zitoe aina tisa, lakini mbili hazipo kabisa. Pembetatu ya pande zote sawa ina pembe tatu za nyuzi 60 kila moja, kwa hiyo haiwezi kuwa na pembe mraba wala pembe butu. Zinabaki saba. Ukimwambia mwanafunzi ajaribu kuchora zote tisa, akwame kwenye hizo mbili, kisha aeleze mwenyewe kwa nini amekwama, atakuwa amejifunza zaidi ya aliyekariri orodha.

Pembetatu yangu ina pembe kali. Si basi ni pembetatu ya pembe kali?

Hili ndilo kosa linaloongoza. Kila pembetatu, iwe ya aina gani, ina angalau pembe mbili kali. Sababu ni jumla: pembe tatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Pembe moja ikiwa butu, tuseme nyuzi 110, zinabaki 70 za kugawana pembe mbili, na zote mbili lazima ziwe chini ya 90. Kwa hiyo kuona pembe kali hakukuambii chochote.

Pembe inayoamua ni moja tu, ile kubwa kuliko zote. Ikiwa chini ya nyuzi 90, pembetatu ni ya pembe kali. Ikiwa 90 kamili, ni pembetatu mraba. Ikizidi 90, ni ya pembe butu. Wala huna haja ya kupima zote tatu ili kuipata, kwa sababu pembe kubwa kuliko zote hukaa mkabala na upande mrefu kuliko zote. Tafuta upande mrefu, angalia kona inayoutazama, pima hapo, umemaliza.

Je, pembetatu ya pande zote sawa ni pembetatu ya pande mbili sawa pia?

Katika hisabati ya leo, ndiyo. Tunasema "angalau pande mbili sawa", na yenye tatu inatimiza sharti hilo. Euclid, Mgiriki aliyeandika takriban mwaka 300 K.K., alisema vingine: kwake pande sawa zilipaswa kuwa mbili tu. Ndiyo maana vitabu hutofautiana, na ndiyo maana wanafunzi wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana huku kila mmoja ana kitabu cha kumtetea. Fasili ya leo ni bora, kwa sababu lolote utakalothibitisha kuhusu pembetatu ya pande mbili sawa linatumika papo hapo kwa ile ya pande tatu sawa bila kulithibitisha upya. Kwenye mtihani, hata hivyo, taja jina lililo mahususi zaidi. Ukiona pande zote tatu zinalingana, usiandike "pande mbili sawa".

Nimepewa urefu wa pande tu, sina mchoro. Nitajuaje aina ya pembe?

Tumia kanuni ya Pythagoras kama kipimo. Zidisha kila upande kwa wenyewe, kisha jumlisha majibu ya pande mbili fupi na uyalinganishe na jibu la upande mrefu.

Jumla ya zile fupi ikilingana na ya mrefu, ni pembetatu mraba. Jumla ikiwa kubwa, ni ya pembe kali. Jumla ikiwa ndogo, ni ya pembe butu. Ukisahau upande upi wa ulinganisho unamaanisha nini, fikiria bawaba: kadiri unavyofungua mikono miwili, ndivyo ncha zake zinavyoachana. Upande wa tatu ukiwa mrefu kupita kiasi cha mraba, bawaba imefunguka kupita nyuzi 90.

Chukua 7, 9 na 12. Tunapata 49 + 81 = 130, na 12 × 12 = 144. Jumla ni ndogo, kwa hiyo pembe ni butu. Kwa kweli ni kama nyuzi 96.4. Sasa badilisha 7 iwe 8: 64 + 81 = 145, dhidi ya 144. Jumla imezidi kwa moja tu, pembetatu ni ya pembe kali, na pembe yake kubwa ni takriban nyuzi 89.6. Ukiichora hiyo vizuri kabisa na kuipima kwa kipimapembe, utasoma 90 na kuiita pembetatu mraba. Macho hayakukosea kwa uzembe. Kifaa chenyewe hakina uwezo wa kuona tofauti ya nyuzi 0.4. Hesabu inao.

Je, urefu wowote wa pande tatu hutoa pembetatu?

La. Pande mbili fupi zikijumlishwa lazima zizidi ule mrefu. Vipande vya sm 3, sm 4 na sm 9 havifungi, kwa sababu 3 + 4 ni 7 na vinahitaji kuvuka 9. Vipande vya sm 3, sm 4 na sm 7 vinafika, lakini vinalala juu ya ule mrefu na kuwa mstari mmoja. Hiyo si pembetatu.

Njiti za kiberiti zinalionyesha hili vizuri kuliko maelezo. Chukua njiti 12 na utengeneze pembetatu kwa kuzitumia zote, bila kuvunja hata moja. Zinapatikana tatu tu: 4-4-4, ambayo ni ya pande zote sawa; 2-5-5, ya pande mbili sawa na pembe kali; na 3-4-5, pembetatu mraba isiyo na pande sawa. Punguza njiti zibaki 4, na hakuna pembetatu inayowezekana, maana mgawanyo pekee ni 1-1-2, nao unalala bapa.

Nichoreje pembetatu nikijua pande zote tatu?

Hapa bikari ndiyo kifaa chako, kipimapembe hakihitajiki. Tuseme pande ni sm 8, sm 6 na sm 5.

Anza na upande mrefu, uwe kitako. Chora mstari mrefu kidogo kupita sm 8, weka alama A, pima sm 8 na uweke alama B. Fungua bikari kwa sm 6 ukiwa juu ya rula, chomeka sindano kwenye A na uchore tao juu ya mstari. Fungua tena kwa sm 5, chomeka kwenye B, chora tao la pili likate la kwanza. Mahali matao yanapokatana ni C. Unganisha A na C, kisha B na C.

Jikague: pembe ya A inapaswa kuwa karibu nyuzi 39, ya B karibu 48 na nusu, na ya C karibu 93. Kwa hiyo hii ni pembetatu ya pembe butu, ingawa kwa macho wengi wangeapa ni mraba.

Tao fupi mno ndilo linalowapotezea watu muda. Wanachora kipande kidogo pale wanapodhani C itakuwa, tao la pili linapita pembeni, kisha bikari imeshabadilishwa kipimo. Chora tao la kwanza refu bila woga. Mistari ya kazi isifutwe baadaye pia. Iache hafifu, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba hukukisia.

Na nikijua pande mbili na pembe iliyo katikati yake?

Tuseme AB ni sm 7, pembe ya A ni nyuzi 50, na AC ni sm 5. Chora AB. Weka kitovu cha kipimapembe juu ya A, mstari wake wa sifuri juu ya AB, weka nukta kwenye 50. Chora mstari kutoka A kupitia nukta hiyo, pima sm 5 juu yake upate C, kisha unganisha C na B. Ukipima CB upate karibu sm 5.4, umechora sawasawa.

Ukijua upande mmoja na pembe za ncha zake mbili ni rahisi vilevile. Kwa AB ya sm 6, pembe ya nyuzi 40 kwenye A na 65 kwenye B, chora mistari miwili na uiache ikutane yenyewe. Pembe ya juu itakuwa 75, AC takriban sm 5.6 na BC takriban sm 4. Pembe mbili ulizopewa zikifika 180 au kuzidi, mistari haitakutana kamwe upande huo. Swali lina kosa, wala si mkono wako. Na kama pembe ya pili uliyopewa haiko kwenye ncha ya upande unaoujua, toa hizo mbili kwenye 180 kwanza upate ya tatu, kisha endelea vivyo hivyo.

Kwa nini mimi na mwenzangu tumechora pembetatu tofauti kwa vipimo vilevile?

Huenda nyote mko sahihi. Hutokea mkipewa pande mbili na pembe *isiyo* katikati yake. Hili linastahili kuchorwa, si kusomwa tu, kwa hiyo shika penseli.

Chora mstari mrefu wa kitako kutoka A. Kwenye A, inua mstari wa nyuzi 30, na juu yake pima AB ya sm 8. Sasa C iko mahali fulani kwenye kitako, na BC unaambiwa ni sm 5. Fungua bikari kwa sm 5, chomeka kwenye B, chora tao. Litakata kitako mara mbili: kwenye sm 3.9 hivi kutoka A, na tena kwenye sm 9.9 hivi. Pembetatu zote mbili zina vipimo ulivyopewa. Katika ile ndogo pembe ya C ni karibu nyuzi 127. Katika ile kubwa C ni karibu 53.

Ufunguo ni umbali wa wima kutoka B hadi kitako, ambao hapa ni sm 4 kamili. BC ikiwa sm 3, tao halifiki chini, hakuna pembetatu. Ikiwa sm 4, linagusa mara moja tu, na unapata pembetatu mraba. Kati ya sm 4 na sm 8 zinapatikana mbili. Kuanzia sm 8 kwenda juu inabaki moja, kwa kuwa mkato wa pili unaangukia kwenye A yenyewe au nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kusema mwenzako amekosea, angalia pembe mliyopewa imekaa wapi.

Kuna hali nyingine ya kukosa uamuzi: pembe tatu bila upande hata mmoja. Nyuzi 50, 60 na 70 hutoa umbo moja, lakini ukubwa wowote. Swali la kuchora lazima litaje angalau upande mmoja.

Pembetatu ya pande mbili sawa ina pembe ya nyuzi 40. Nyingine ni ngapi?

Kuna majibu mawili. Kama 40 iko kati ya zile pande sawa, nyingine ni 70 na 70, na pembetatu ni ya pembe kali. Kama 40 iko kwenye kitako, mwenzake ni 40 pia na ya juu ni 100, na pembetatu ni ya pembe butu. Lakini pembe uliyopewa ikiwa 90 au zaidi, jibu ni moja, maana pembe za kitako hulingana na haziwezi kufika 90 zote mbili.

Nimepima pembe zote tatu, jumla ikawa 183. Kosa liko wapi?

Tofauti ya nyuzi moja au mbili ni ya kawaida. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita, ukisomwa sm 5 kutoka kwenye kona, tayari umebeba zaidi ya nusu ya uzi. Kuanzia nyuzi 3 kwenda juu, tafuta chanzo.

Angalia kwanza kitovu. Vipimapembe vingi vya plastiki vina ukingo chini ya mstari wa sifuri. Watu hukalisha ukingo kwenye mstari badala ya alama yenyewe. Kisha angalia kama mikono ya pembe inafika kwenye namba. Ikiwa mifupi, irefushe kwa rula kwanza, usikisie itakapofika. Jumla ikiharibika kwa makumi, umesoma safu isiyo yake: vipimapembe vina safu mbili, moja ikianzia kulia na nyingine kushoto, na pembe ya 65 husomwa 115. Kinga yake ni ndogo tu. Kabla ya kusoma namba, sema kama pembe ni kali au butu. Ukisema kali kisha ukasoma 115, umejinasa mwenyewe.

Upande wa uchoraji, kosa la uzi mmoja husogeza ncha iliyo sm 10 kwa karibu milimita 1.7. Kwa hiyo penseli ichongwe iwe kali, skrubu ya bikari ikazwe isijifungue katikati ya tao, na rula ianzie kwenye alama ya 0, ambayo mara nyingi haiko kwenye ukingo wa rula.

Ninaweza kupata pembe mraba bila kipimapembe?

Ndiyo, na kwa usahihi zaidi. Njia nzuri kuliko zote kwa pembetatu mraba ni nusuduara. Chora mstari wa sm 10, tafuta katikati yake, fungua bikari sm 5 na uchore nusuduara juu yake. Nukta yoyote kwenye nusuduara hiyo, ikiunganishwa na ncha mbili za mstari, hutoa nyuzi 90. Ukitaka upande mmoja uwe sm 6, chomeka bikari kwenye ncha moja, kata nusuduara kwa tao la sm 6, na upande wa pili utatoka sm 8 wenyewe.

Nyuzi 60 ni rahisi zaidi: mstari, na matao mawili kutoka ncha zake yenye kipimo kilekile cha mstari huo. Ni pembetatu ya pande zote sawa, na ndiyo kazi ya kwanza kabisa ambayo Euclid aliwapa wasomaji wake. Igawe pembe hiyo katikati upate 30.

Pembetatu imechorwa kwenye gridi, imeinama. Naitambuaje?

Usiitazame ilivyoinama, kugeuza pembetatu hakubadilishi aina yake. Hesabu visanduku. Kwa A(2, 1), B(6, 2) na C(1, 5), upande AB unakwenda 4 kulia na 1 juu, kwa hiyo kwa kanuni ya Pythagoras urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe ni 16 + 1 = 17. AC unakwenda 1 kushoto na 4 juu, 1 + 16 = 17. BC unakwenda 5 kushoto na 3 juu, 25 + 9 = 34. Mbili zinalingana, na 17 + 17 = 34. Ni pembetatu mraba ya pande mbili sawa, na hatukuhitaji kipeuo cha pili hata kimoja.

Jambo moja la kupendeza: kwenye karatasi ya visanduku vya mraba huwezi kupata pembetatu ya pande zote sawa ambayo ncha zake zote tatu ziko kwenye makutano ya mistari. Utaikaribia, hutaipata.

Mafundi hutumia 3, 4, 5 kupata kona ya mraba. Inaaminika?

Inaaminika kabisa, kwa kuwa 9 + 16 = 25. Tatizo huwa ni ukubwa wa kipimo. Ukipima m 3, m 4 na m 5, ukakosea sm 1 kwenye ule wa m 5, pembe inapotoka kwa karibu nyuzi 0.24. Ukitumia sm 30, 40 na 50 na kukosea sm 1 ileile, inapotoka kwa karibu nyuzi 2.4, mara kumi zaidi. Kwenye ukuta wa m 10, hiyo ya pili ni kukosa kona kwa zaidi ya sm 40. Nafasi ikiruhusu, tumia m 6, m 8 na m 10, na kamba isiyovutika.